Asubuhi Niliyokataa Kumhesabu Shosho

Najma, Doha
Jumamosi jioni

Tirza wangu,

Sabato imetoka saa moja na dakika kumi, na mshumaa wa kuiaga ulipozimwa tu, wewe na mama yako mkashuka ngazi mbio kwenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kuaga marafiki. Nimebaki na harufu ya iliki, sanduku lako pale mlangoni, na karatasi hizi nilizozificha tangu Alhamisi. Nilitaka kuandika jana, lakini kazi ikanishika mpaka jua likakaribia kuzama, na leo mchana kutwa nimekaa mikono mitupu nikitunga kichwani, maana Sabato hatuandiki. Barua hii nimeshaitunga mara nne. Zote nne zilikuwa nzuri kuliko hii utakayoisoma.

Mambo ya pasipoti, sweta, na kupiga simu ukifika, mama yako ameshakuambia vya kutosha, mengine akikupigia kelele ukiwa bafuni. Mimi nina jambo moja. Wiki tatu zilizopita Mzee Efraimu, kiongozi wa sinagogi letu kule Kinangop, alituma ujumbe kwamba wamesikia unakuja kusoma chuo Nakuru. Akasema ukipanda Kinangop siku za Ijumaa watakuwa wametimia kumi hata wengine wakiwa zamu za kazi, na gombo la Torati litafunguliwa kila Sabato. Nilikusomea ujumbe ule mezani kwa furaha kubwa. Ukaendelea kumenya chungwa lako. Kisha ukasema, "Baba, si ulisema sisi hatuhesabiwi? Sasa wananitakia nini?"

Mama yako akaondoa sahani. Mimi nikajifanya nausoma ujumbe tena. Tangu siku hiyo hatujaligusa jambo hilo, na kesho asubuhi unaondoka, na mimi naogopa. Naogopa utakaa Nakuru miaka minne, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwa watu wako, na hutakanyaga pale hata siku moja, na sababu itakuwa mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, kwa hiyo unakumbuka. Lakini unakumbuka kutoka pale ulipokuwa umekaa, karibu na dirisha. Acha nikueleze ilivyokuwa kutoka kwangu.

Guka, baba yangu, alifariki Desemba ile, na tulipofika Kinangop alikuwa ameshazikwa, maana sisi hatumweki maiti siku nyingi. Tukakuta matanga ya siku saba yameanza. Alhamisi asubuhi, siku ambayo Torati husomwa hata kama si Sabato, Mzee Efraimu na wenzake wakaingia sebuleni kwa Guka na gombo wamelifunika shali ya maombi ili umande usiliguse. Mzee alikuwa amekupa aya tatu usome. Alifanya hivyo kwa sababu ya Guka. Guka alipenda kukusikiliza kwenye simu ukisoma kutoka jikoni hapa hapa Najma, akikukatiza kila mara: "Rudia hapo, hapo pametamu." Ulikuwa umefanya mazoezi njia nzima kwenye ndege. Yule bwana wa kiti cha tatu alidhani unaimba taarabu.

Mzee akaanza kuhesabu. Kwetu watu hawahesabiwi kama mbuzi, tunahesabu kwa kukana: si mmoja, si wawili, si watatu. Ulipokuwa mdogo ulihesabu chapati hivyo hivyo ili mama yako asijue umekula ngapi. Mzee akafika "si tisa", ambaye ni mimi, akanyamaza. Wanaume wawili waliobaki walikuwa zamu kwenye mashamba ya maua Naivasha. Na bila watu kumi gombo halifunguliwi. Wala Kadishi haisemwi, ile sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake aliyekufa.

Chumbani mlikuwa na nyinyi watatu pia. Shosho, yaani mama yangu, kisha mama yako, na wewe na karatasi yako. Mzee Efraimu akaniangalia, akasema kwa upole wake ule, "Sisi tumeongea hii maneno mwaka mzima. Hawa akina mama ni watu kama sisi. Lakini wewe ndiye umefiwa, na wewe ndiye unatutumia mafundisho kila wiki. Ukisema tuendelee, tunaendelea."

Unaona, Tirza, walikuwa tayari. Wazee wale wote unaodhani ndio waliokukataa, walikuwa tayari, na wengine walishaanza kufungua vitabu vyao. Mtu mmoja tu alisema hapana. Nilisema, "Sheria ni sheria, Mzee. Tuko tisa." Hata kukana sikukana. Niliitaja namba wazi, mbele ya mama yangu mzazi, aliyenizaa na kunifundisha kuhesabu.

Shosho akasimama, akajifunga leso kiunoni. "Basi kama sisi si watu, wacha tuwachemshie watu chai." Akakugusa bega. Ukaikunja karatasi yako mara nne, ukaitia mfuko wa sweta, ukamfuata. Mzee akalifunika gombo tena. Baba yangu hakusemewa Kadishi siku ile, wala siku zilizobaki za matanga, kwa sababu kila asubuhi nilishikilia neno langu. Chai ilipoletwa nilikunywa vikombe viwili. Mambo mengi ya asubuhi ile nimeweza kujisamehe kidogo kidogo, lakini vikombe vile viwili bado vinanikaa kooni.

Nimejiuliza miaka mitano kwa nini nilifanya vile, na jibu la kwanza lilikuwa sheria. Ni kweli wapo wengi duniani wanaohesabu wanaume peke yao, na wana sababu zao, na siwadharau. Lakini mimi sikusimama na wale. Mimi nilikuwa najificha nyuma yao. Unakumbuka nilivyokuwa nikiondoka Jumamosi kabla hujaamka, na boksi la vifaa? Miaka mitano ya kwanza hapa Doha, kila Jumamosi nilikuwa Lusail juu ya paa natengeneza mashine za AC za watu. Na kila Ijumaa, kabla ya jua kuzama, niliwatumia Kinangop sauti ya dakika kumi juu ya parasha, yaani fungu la Torati la wiki hiyo. Niliwahi kuwafundisha juu ya utamu wa kupumzika Sabato, nikazima simu, nikalala mapema ili niwahi basi la kazini asubuhi. Hakuna aliyejua kule. Walinisifu. Mama yako alijua, na alininyamazia kwa namna iliyonifanya nitamani angenigombeza.

Kwa hiyo nilipofika kwenye matanga ya baba yangu, nilikuwa na deni la aibu ambalo hakuna aliyelijua, na nikataka kuonekana mkali wa dini kuliko waliobaki nyumbani. Ukali ule haukunigharimu chochote. Uliwagharimu nyinyi. Laiti ningelisema hili siku ile ile jioni, ukiwa bado unalia, lingekuwa jambo dogo kuliko lilivyo leo.

Jumamosi zangu zilikuja kupona kwa mkono wa Salim, yule wa Tanga, unayemwita Anko Pilipili. Tulipangwa kundi moja mwaka uliofuata. Siku moja tunakula akaniambia, "Kaka, mie naitaka Ijumaa yangu, niende nikaswali bila kukimbizana na saa. Wewe nishikie Ijumaa, nami nikushikie Jumamosi. Twende tukamwambie mudiri." Mudiri, mkubwa wetu wa kazi, hakujali nani yuko juu ya paa, ilimradi kuna mtu juu ya paa. Hivyo ndivyo nilivyoipata Sabato yangu, kutoka kwa Mwislamu aliyetaka Ijumaa yake.

Baadaye Salim akaniuliza, "Kwani wewe Msabato?" Nikamjibu, "Kama Msabato hivi." Nikawa Msabato wa kujifanya miezi minane. Mpaka siku moja kwenye chumba cha mitambo akafunga mlango, akasema, "Kaka, Wasabato nawajua, nimepanga nyumba moja nao Tanga. Wewe si Msabato." Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni Myahudi. Akajifuta grisi mikononi. Nikawaza kazi imekwisha, na kukaa hapa kumekwisha, na shule yako imekwisha. Akasema, "Haya. Jumamosi yako ipo palepale. Nipe hiyo spana." Mpaka leo hajamwambia mtu. Siku hizi akisikia nimekosea kitu ananiambia, "Leo umekuwa kama Msabato hivi."

Sikuambii kila mtu atakuwa Salim. Kuna mahali pa kunyamaza, na sisi tumeishi hapa kwa adabu, tukiwasha mishumaa yetu ndani na pazia zimeshuka. Ninachokuambia ni kwamba miezi ile minane nilikuwa namwogopa mtu ambaye hakuwa na nia mbaya nami, na kwa miaka mitano nimekuogopa wewe pia, binti yangu, na wewe huna nia mbaya nami. Una hasira tu, na ni haki yako.

Mwaka mmoja baada ya matanga, Kinangop wakakubaliana rasmi kuwahesabu akina mama. Shosho akawa wa kumi. Mzee alinipigia simu kunijulisha kwa heshima, nami nikajibu kwa heshima, kisha nikanuna. Nilinuna muda mrefu. Niliendelea kutuma sauti zangu za Ijumaa, lakini kila ilipofika parasha ya Pinhasi, ambamo wamo wale binti watano wa Selofehadi, niliwaruka. Nikaongea juu ya dhabihu, ng'ombe wangapi, kondoo wangapi, unga kiasi gani. Wewe uligundua. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukapita nyuma yangu nikirekodi, ukasema, "Baba, kwani leo tena ni ng'ombe tu?"

Na jina lako ni lao! Nilikuchagulia mimi mwenyewe, la mwisho kati ya majina matano, kabla hata hujazaliwa. Nilipenda wasichana wale waliosimama mbele ya Musa, mbele ya mkutano mzima, wakadai sehemu ya baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Na kilichonipendeza zaidi ni kwamba Musa hakujifanya anajua jibu. Alikwenda kuuliza. Nilikuwa nikiwaeleza watu hayo kila mara kabla hujazaliwa. Halafu siku msichana mmoja aliposimama mbele yangu na karatasi, mimi sikwenda kuuliza kokote.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako nilimwambia juzi tu. Mwaka juzi kumbukumbu ya kifo cha Guka iliangukia Jumatatu. Nilikuwa Lusail, kwenye chumba cha mitambo, nimelala chali chini ya bomba. Simu ikaita, ni Shosho. "Nimekuweka dirishani," akasema, "usikate, na usiongee." Nikasikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, Mzee akihesabu. Safari hii hakusita. Kisha nikasikia Kadishi ya baba yangu, na aliyeisema ni mama yangu. Alikuwa anakwama kwenye yale maneno magumu, Mzee anamnong'oneza, anarudi nyuma, anaanza upya. Miaka themanini na moja, Tirza. Nilipaswa kuitikia "Amina" pamoja na wengine, na niliitikia nikiwa chini ya bomba, maji yananidondokea usoni, nikashukuru kwa maji yale.

Salim akachungulia. "Kaka, kuna msiba?"

"Hapana. Mama anamsomea baba sala."

"Basi kaa hapo. Hii namalizia mie."

Pale ndipo nilipojua nimekosa, na si kidogo. Na bado nilirudi nyumbani jioni nikakuta unafanya hesabu za shule, nikakuuliza kama umekula. Hicho ndicho nilichoweza kusema. Ni kuona haya tu, mwanangu, hakuna sababu nyingine ya maana. Mwanaume wa umri wangu akishasema hapana mbele ya watu, mdomo wake unakuwa mzito ajabu.

Jana nilijaribu kuufungua. Wiki hii ilikuwa Pinhasi tena. Nilirekodi kabla ya jua kuzama, nikiwa nimejifungia bafuni ili usinipite nyuma, na sikusema lolote juu ya ng'ombe. Niliwaeleza juu ya wale binti watano, kisha juu ya Alhamisi ile, kisha juu ya Jumamosi zangu zote za juu ya paa. Nikawaomba radhi. Nimefungua simu sasa hivi, na Mzee Efraimu amejibu: "Tumesikia wote tukiwa pamoja. Hapa kila mtu ako na paa lake. Mama yako anasema alijua siku moja utachoka." Hayo tu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Nimewatumia watu wangu sauti kwa miaka kumi. Nilidhani ni kazi kubwa, na labda iliwasaidia kidogo wiki nyingine. Lakini sauti haikai kwenye kiti. Haiwezi kuwa wa kumi. Kuna Sabato nyingi walizonisikiliza kwa makini, wakalipangusa gombo vumbi, wakalirudisha kabatini bila kulifungua, kwa kukosa mtu mmoja. Hata wangemleta asiyejua kusoma, angewafaa kuliko mimi. Hili nimelijua nikiwa mbali, na nalijua zaidi sasa kwa kuwa nawe unakwenda mbali nami.

Wiki ijayo tunasoma Masei, orodha ya kambi zote walizopiga jangwani. Kambi nyingine zimetajwa jina tu, hakuna kisa chochote. Walifika, wakakaa, wakaondoka. Zamani nilikuwa naziona zinachosha. Mwaka huu nazipenda, kwa sababu nadhani hapa Najma pia patatajwa jina tu kwenye maisha yako, na ni sawa. Tulifika, tulikaa. Ulijifunza kusoma Torati kwenye meza yenye mguu mbovu, mwalimu wako akiwa fundi wa AC mwenye usingizi. Ulikuwa mwanafunzi hodari kuliko mwalimu, na nilikukosea.

Sikuandikii ili uende Kinangop. Ukienda, nenda kwa ajili ya Shosho, au kwa ajili ya baridi na viazi vya kule, au kwa ajili ya sababu utakayoigundua mwenyewe. Usiende kwa kunihurumia. Na usipoenda, sitakuuliza. Ila usiache kwa sababu ya neno nililosema sebuleni kwa Guka. Neno lile lilikuwa langu peke yangu, na nimelifuta mbele ya wote walionisikia nikilisema. Ulikuwa umebaki wewe. Nisamehe.

Nilikuwa nataka kuimalizia barua hapo, lakini mmerudi. Mama yako anavua viatu na kulalamikia joto. Wewe umesimama mlangoni na simu mkononi.

"Baba, Mzee Efraimu amenitumia aya za mwisho za Masei, zile zenye jina langu. Si unisikize kidogo? Nimesahau kule sauti inapanda."

Nimekuuliza, "Kwani umewaambia utaenda?"

"Shosho aliniuliza jana. Wewe hukuniuliza, wewe ulinisomea tu ujumbe."

Nimesema ni kweli. Nimesema nipe dakika mbili namalizia kuandika. Umeuliza naandika nini, nikakujibu utasoma kwenye ndege. Umecheka, umekwenda jikoni, umeanza peke yako. Mstari wa pili unaukosea vibaya, nakusikia kutoka hapa, na mama yako ameacha kulalamika ili asikilize.

Nakuja.

Baba yako